Tuliishia kwenye moto

Mei 2018, siku chache kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, uzi wa mwaka 2011 uliibuka juu kabisa ya jukwaa letu la mtandaoni. Kichwa chake kilikuwa hiki: "Mkate wa kumimina hautoi vishimo, nifanyeje?" Aliyeuliza alikuwa bibi harusi wa miezi mitatu, ameolewa Chake Chake, wakwe zake wanakuja kufuturu na mkate wake unatoka mgumu kama ubao. Watu watatu walimjibu siku ile ile ya Agosti 2011. Mmoja alimwambia aongeze hamira, wa pili alimwambia abadilishe mchele, na wa tatu alimshauri akanunue tu sokoni. Basi, pakawa kimya kwa karibu miaka saba.

Halafu akaja bibi mmoja wa Mtambwe, Pemba. Nayanukuu maneno yake kwa ukamilifu kwa sababu ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya:

"Asalamu alaykum mwanangu. Mie mtu mzima, simu hii ya mjukuu wangu na ndiye anayeandika. Nimesomewa suala lako. Hamira haina kosa. Sukari umeitia mapema. Saga mchele na tui zito, hamira na iliki, ufunike uuache uumuke wenyewe. Ukishaumuka ndiyo utie sukari na ute wa yai, ukoroge kwa upole, usiupige ukamaliza pumzi yake. Kisha kuna moto. Moto nitakueleza kesho, mjukuu anataka simu yake."

Dakika kumi na moja baadaye mwenzangu mmoja katika usimamizi aliufunga uzi ule, akaacha maneno mawili matatu chini yake: "Umefungwa. Tafadhali tusifukue makaburi."

Kwa asiyejua lugha ya majukwaa: uzi ni mazungumzo ya mada moja, mtu anaanzisha na wengine wanaunga. Kufukua kaburi ni kuujibu uzi uliokwisha kunyamaza siku nyingi. Programu nyingi za majukwaa, phpBB na vBulletin zikiwemo, hupanga nyuzi kwa kuangalia jibu la mwisho. Uzi uliojibiwa sasa hivi unakaa juu, usiojibiwa unazama. Kwa hiyo neno moja tu likiandikwa kwenye uzi wa miaka saba iliyopita, uzi mzima unapanda na kukaa mbele ya macho ya kila mtu, na mtu asiyetazama tarehe anadhani ni habari ya leo.

Jukwaa letu lilikuwa dogo. Lilianza Desemba 2009, umeme wa Unguja ulipokatika kwa hitilafu ya laini inayotoka Bara kupitia chini ya bahari hadi Ras Fumba. Kiza kile kilidumu miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, watu wakarudi visimani na kwenye madumu, na watoto wetu walioko nje hawakuwa na njia ya kujua mzee nyumbani anapata maji au hapati. Uzi wetu wa kwanza kabisa uliitwa "Umeme unarudi lini?" Walioko Uingereza na Oman waliuliza, na sisi wenye jirani mwenye jenereta tulichaji simu tukawajibu.

Uzi huohuo unaonyesha kwa nini mwenzangu hakuwa mtu mbaya. Mwaka 2014 alitokea mgeni mmoja, akausoma ukurasa wa kwanza, asitazame tarehe, akaandika: "Hata mimi nataka kujua, mbona wanatufanyia hivi?" Uzi ukapanda juu. Kufika jioni watu walikuwa wakipigiana simu kutoka Muscat kuulizana kama waya umekatika tena. Mama mmoja alinunua mishumaa. Swali lile lilikuwa limekwisha kufa kifo cha haki, lilijibiwa na umeme wenyewe, na kulifufua kuliwatia watu hofu ya bure.

Na kuna ufukuaji mbaya kuliko huo. Julai 2010 Zanzibar tulipiga kura ya maoni ya kuunda Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na watu wapatao theluthi mbili walisema ndiyo. Uzi wa siku zile ulikuwa mrefu na wa moto. Mtu na shemeji yake walipingana humo mpaka tukawaomba wapumzike. Kisha wakapatana, mambo yakapita, mtoto wa huyu akaolewa na mtoto wa yule. Oktoba 2015, uchaguzi ulipofutwa na kila mtu roho yake iko juu juu, mtu mmoja aliuchimbua uzi ule wa 2010, akanakili maneno ya shemeji neno kwa neno na kumuuliza: "Uko wapi sasa?" Wiki ile tulipoteza wanachama wengi kuliko wakati wowote, na wapo ambao hawakurudi mpaka leo. Hapo ndipo tulipoweka sheria: uzi uliokaa kimya miezi 12 haujibiwi, na ukijibiwa unafungwa. Niliipigia kura sheria hiyo mimi mwenyewe.

Siku ile ya bibi wa Mtambwe nilimwandikia mwenzangu pembeni. Nilimwambia bibi hajamaliza kusema. Akanijibu, "Dada, sheria ni sheria. Leo mkate, kesho kura ya maoni." Tulibishana mpaka usiku, na kwa kweli sikuwa na hoja ya kumshinda. Nilikuwa na kinyongo tu. Ili tusibishane tena, aliiwasha ile sehemu ya programu inayofunga nyuzi yenyewe. Asubuhi nilipoamka, kila kilichokuwa na zaidi ya mwaka kilikuwa na alama ya kufuli.

Siku chache baadaye aliyeuliza mwaka 2011 akaniandikia. Sasa ana watoto watatu. Alikuwa amepata taarifa kwenye barua pepe kwamba swali lake limejibiwa, akaenda mbio, akasoma mpaka kwenye neno "kesho". Akaniuliza: "Kesho ya bibi iko wapi?"

Nilianza kusoma jinsi wengine wanavyofanya, maana tatizo hili si letu peke yetu. Usenet, mtandao wa mijadala uliobuniwa mwaka 1979 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, haukuwa na shida hii katika siku zake za mwanzo, kwa sababu nafasi ya kuhifadhi ilikuwa ndogo na ghali. Ujumbe ukikaa siku kadhaa au majuma kadhaa unafutwa kwenye mashine ili mwingine upate pa kukaa. Hukuwa na kaburi la kufukua kwa kuwa hukuwa na kaburi lenyewe. Kampuni ya Deja News ilipoanza kuyahifadhi maneno yale mwaka 1995, na Google ilipoinunua hazina hiyo mwaka 2001, ndipo watu walipogundua kwamba walichosema ujanani kinaweza kuwangoja uzeeni.

Reddit, jukwaa kubwa la mijadala, kwa miaka mingi ilikuwa ikifunga uzi wowote ukifika miezi 6, uwe wa mapishi au wa matusi. Mwaka 2021 ikawaachia wasimamizi wa kila kikundi waamue wenyewe. Stack Overflow, ambako watu wa kompyuta huulizana tangu 2008, imekwenda njia iliyo kinyume kabisa: anayejibu swali lililokaa zaidi ya siku 60, na jibu lake likapendwa kwa kura 5 au zaidi, hupewa nishani. Nishani yenyewe inaitwa Necromancer, yaani mwenye kuwafufua wafu. Kule wameona kwamba swali la kazi halichachi. Programu iliyomshinda mtu mwaka 2009 bado inamshinda mwingine leo, na huyo atafika kwenye ukurasa uleule kwa kutafuta Google, atakuta swali lake limeulizwa na mtu mwingine na halina jibu. Mimi nimewahi kukuta hivyo, na sijui kitu kinachokatisha tamaa zaidi usiku wa manane kuliko swali lako mwenyewe likiwa limefungwa kufuli bila jibu.

Njia iliyonipendeza zaidi ni ya programu iitwayo Discourse. Haikufungii mlango. Ukianza kuujibu uzi wa zamani inakuambia kwanza: mazungumzo haya yamenyamaza muda huu na huu, una uhakika unataka kuyaendeleza? Kisha inakuachia. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka babu yangu.

Nyumba ya babu Wete ilikuwa na baraza ya mawe pande mbili za mlango. Baada ya sala ya isha wazee walikaa pale na kahawa chungu, na mimi nilikuwa dirishani ndani, ama nimetumwa kupeleka vikombe. Msimu mmoja walibishana kuhusu tufani kubwa ya Aprili 1872, ile iliyong'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuifanya Pemba ndiyo kisiwa cha karafuu. Kwamba Unguja iliumia, hilo walikubaliana. Walichobishania ni kama shamba fulani la upande wa Kizimbani lilipandwa upya baada ya tufani ile au liliachwa msitu. Mmoja wao alisema halikupandwa, akachekwa. Akaondoka na hoja yake, na punde si punde akahamia Unguja kwa mwanawe. Miaka miwili alikuwa huko.

Jioni aliyorudi alikaa palepale pake. Alisalimia mmoja mmoja, akaulizwa hali ya mwanawe, akanywa kikombe cha kwanza, akaomba radhi kwa marehemu aliyekuwa akikaa pembeni ambaye hakuwahi mazishi yake. Ndipo akasema, "Sasa lile shamba." Hakuna aliyemuuliza shamba lipi. Babu alisogea kumpa nafasi. Mzee yule alikuwa amekwenda kwa miguu yake, amemkuta mtu aliyezaliwa hapo, ameonyeshwa visiki. Alieleza mpaka kahawa ikapoa, na waliomcheka miaka miwili nyuma walisikiliza kama walioachana naye jana.

Kwenye baraza ileile kulikuwa na jambo lisiloruhusiwa. Mtu akifungua mdomo kurejea ugomvi uliokwisha suluhishwa, hasa wa mirathi au wa ndoa, babu alikuwa akinyanyua mkono tu, hasemi neno. Kijana wa kiume alijifunza haraka. Hakuna aliyehesabu miezi. Ugomvi wa juzi uliosuluhishwa ulikuwa umefungwa, na suala la tangu enzi za babu zao ambalo halijapata jibu lilikuwa wazi. Hicho ndicho nilichoshindwa kumwambia mwenzangu usiku ule: kalenda haijui swali lipi lina mtu bado anayelingoja.

Nilikuwa bado sijapata maneno hayo ilipofika Septemba 2018, na barua ikaja kwenye anwani ya wasimamizi.

Watu wa visiwani hawahitaji kuelezwa usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011. Meli ya MV Spice Islander I, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imebeba watu wengi kupita kiasi, ilizama kwenye mkondo wa Nungwi. Ukijumlisha waliopotea, idadi iliyotajwa baadaye ilipita watu 1,500. Hakuna kijiji Pemba ambacho hakikukaa matanga. Asubuhi ile tulifungua uzi wa majina. Watu waliandika: namtafuta mama yangu, kavaa baibui na kanga nyekundu ndani, namtafuta mdogo wangu, ana kovu kwenye nyusi, nani amemuona. Ulikwenda kurasa nyingi. Mwishoni mwa Oktoba ulinyamaza. Mtu wa mwisho aliuliza kitu ambacho si kama cha wengine. Alikwisha kujua kwamba mama yake hayupo. Alichoandika ni: "Kama yupo aliyekaa karibu naye, naomba aniambie alikuwa katika hali gani. Alikuwa na mfuko wa plastiki wa bluu wenye vitambaa vya harusi yangu."

Hakuna aliyemjibu.

Barua ya Septemba 2018 ilitoka kwa mwanamke aliyeokoka kwa kung'ang'ania godoro mpaka kulipokucha. Alisema hakuwa akitumia mtandao miaka ile, na kwa muda mrefu hakutaka kusikia jina la meli. Mwaka huo binti yake ndiye aliyemsomea uzi wetu. "Nimejaribu kujibu," aliandika, "panasema pamefungwa. Nifungulieni. Yule mama wa mfuko wa bluu nilikuwa naye."

Niliisoma nikiwa nimesimama jikoni. Nilimpigia mwenzangu simu, sikumwandikia. Nilimsomea. Alikaa kimya muda, kisha akasema, "Nipe dakika mbili." Zilikuwa hazijafika mbili uzi ukafunguka.

Sitayaandika hapa yote aliyoyaeleza mwanamke yule, kwa sababu si yangu. Nitasema tu kwamba yule mama alikuwa ametoa kitambaa kimoja mfukoni kumuonyesha, na wawili hao walikuwa wakizungumza bei za kitambaa Darajani wakati watu wengi wamekwisha lala. Alikuwa na furaha. Hilo ndilo swali lililoulizwa, na hilo ndilo jibu lake, karibu miaka saba baadaye.

Aliyeuliza hajaliona, ninavyojua. Mara ya mwisho kuingia kwenye jukwaa ilikuwa 2014, na anwani yake ya barua pepe inarudisha kila tunachomtumia. Tumeuliza kwa watu kimyakimya bila kulitangaza jambo lenyewe, maana nalo lina heshima yake. Uzi umebaki wazi. Umewekewa maandishi juu yake yanayoeleza tarehe na kwamba si habari mpya, ili asitokee wa kununua mishumaa.

Baada ya hapo tulikaa, wasimamizi wote, tukaivunja sheria ya miezi 12. Nyuzi za habari za siku moja, umeme, meli imechelewa, bei ya mafuta, zinafungwa zikishapitwa, hata kama ni baada ya wiki. Nyuzi za kampeni tunazifunga uchaguzi ukimalizika, na anayetaka kusema lake juu ya siasa anaanzisha mpya na kuibeba lawama yake mwenyewe. Mapishi, dawa za miti, maneno ya Kipemba, nasaba, nani anamjua fulani aliyesoma shule ya Fidel Castro mwaka fulani: hizo hazifungwi. Ukiingia kwenye uzi wa zamani tunakuomba upige hodi, yaani useme unajibu swali la nani na la mwaka gani, kabla hujasema lako. Na neno moja la "up", la kuupandisha uzi tu, au "hata mimi" tunalifuta bila kuufunga uzi. Kazi imekuwa kubwa zaidi kwetu, sikatai. Inabidi usome kwanza ndipo uamue, na kusoma kunachukua muda kuliko kubonyeza kufuli. Mwenzangu ndiye anayesoma zaidi yetu sote sasa.

Uzi wa mkate tuliufungua siku hiyohiyo. Niliandika chini yake kumtaka radhi bibi wa Mtambwe na kumwambia mlango uko wazi. Sikutegemea kitu, kwa kuwa mjukuu huenda alikwisha badilisha simu, na bibi alikwisha jisema kuwa ni mtu mzima.

Jibu lilikuja Novemba, miezi sita kamili tangu tulipomfungia. Hakugusia kufungiwa, wala radhi yangu hakuijibu.

"Asalamu alaykum mwanangu. Haya, tuliishia kwenye moto. Sufuria uipake mafuta na uiache ipate moto kwanza ndipo umimine, ukimimina kwenye baridi umekwisha upoteza. Chini moto mdogo, makaa yawe kama yanataka kuzimika. Usifunike mpaka uone vishimo vimefumka juu kote, uvihesabu kwa macho tu. Hapo ndipo ufunike na makaa juu ya kifuniko, upate rangi. Watoto wangapi sasa?"